Harufu Bila Tone: Kusaka na Kuziba Mvuke wa Petroli Unaovuja Garini

Gari la petroli lililo zima halinuki petroli. Liwe la mwaka 2004 au la mwaka jana, liwe limeegeshwa juani Temeke au chini ya mwembe Likoni, hupaswi kuisikia harufu hiyo ukiwa kitini wala ukipita nyuma ya buti. Fundi akikwambia magari ya umri huu ndivyo yalivyo, mshukuru, kisha utafute mwingine.

Kinachosumbua ni kwamba mara nyingi harufu ipo na tone halipo. Unainama uvunguni, sakafu kavu. Unafungua boneti, pakavu. Hapo ndipo watu huanza kununua spea kwa kubahatisha, pampu leo, nozeli wiki ijayo. Kumbe kinachotoka ni mvuke, na njia zake za kutokea ni chache na zinajulikana. Ukizifuata kwa utaratibu, unaweza kulipata tundu kwa pua, maji ya sabuni na bisibisi kabla hujamlipa mtu yeyote.

Hakikisha kwanza kwamba si petroli yenyewe

Petroli hukauka upesi, kwa hiyo usingoje kuona dimbwi. Tafuta michirizi iliyosafisha vumbi: ubavuni mwa tenki, kwenye mapaipu yanayopita uvunguni, kwenye chujio la mafuta, na juu ya injini pale nozeli zinapoingia. Injini ikiwa inanguruma, mapaipu yanayokwenda kwenye nozeli hubeba mafuta kwa mgandamizo wa takriban bar 3 katika magari mengi. Ufa mdogo hapo hurusha petroli juu ya chuma cha moto. Ukiona unyevu wowote, zima. Usiliendeshe hata kwenda gereji ya jirani, mwite fundi alifuate lilipo.

Mvuke nao si wa kuchezea. Ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupandi ukapotea. Hutambaa chini, ukajaa kwenye shimo la gereji na kusubiri cheche. Huwaka ukiwa kati ya takriban asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa, kiasi ambacho macho hayaoni. Tena una benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu, na mtoto anayelala kiti cha nyuma kila asubuhi ya shule anaivuta kuliko wewe uliye mbele na dirisha wazi.

Kwa hiyo fanyia kazi nje, penye upepo. Angalia jirani: jiko la mama ntilie na mtu anayechomelea geti viko karibu na gereji zetu nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Chomoa waya wa hasi wa betri kabla ya kugusa pampu au tenki. Tumia tochi ya betri, si taa ya balbu iliyovutwa kwa waya kutoka dukani. Weka mtungi wa kuzimia moto wa unga karibu na mkono, si ndani ya buti, na usiingie uvunguni mwa gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

Mvuke unavyopaswa kusafiri

Zamani tenki lilipumua ovyo: jua likiwaka, mvuke ulitoka kwenye tundu la mfuniko na kwenda zake. Jimbo la California lilikataza hilo kuanzia magari ya mwaka 1970, na Marekani nzima ikafuata kwa magari ya 1971, kwa sababu mvuke huo ukikutana na jua hutengeneza ule ukungu mchafu uliokuwa ukiifunika Los Angeles. Watengenezaji wa Japani nao walifuata njia hiyo hiyo, na ndiyo iliyomo kwenye gari lako.

Mvuke unaotoka kwenye tenki hupita kwenye mpira mwembamba hadi kwenye kopo la plastiki jeusi lililojaa mkaa ulioamilishwa. Mafundi wengi huliita kanista. Mkaa huo umejaa vitobo vidogo mno. Gramu moja ina eneo linalozidi mita 500 za mraba, na molekuli za petroli hujishikiza humo. Gari likiwa limezimwa, kopo linahifadhi. Likiwashwa na kupata moto, kompyuta ya injini hufungua vali ndogo iliyo karibu na manifoldi ya hewa. Injini hunyonya, hewa safi huingia kupitia tundu la kupumulia la kopo, hupita kwenye mkaa na kuondoka na ule mvuke kwenda kuchomwa. Nitaiita vali hiyo ya mbele vali ya kunyonyea, na ile ya nyuma inayofunga tundu la kupumulia, kwa magari yaliyo nayo, vali ya kupumulia.

Kumbuka tofauti moja kati yake, maana itakusaidia baadaye: bila umeme, vali ya kunyonyea hujifunga na vali ya kupumulia hubaki wazi.

Uliza pua maswali

Kabla ya kufungua chochote, jiulize harufu huja lini. Ikija mara tu unapotoka kituo cha mafuta na kupotea tenki linaposhuka chini ya nusu, tundu liko juu: mfuniko, shingo ya kujazia, au juu ya tenki penye pampu. Ikiwa kali ndani ya gari huku vioo vimefungwa, hasa upande wa kiti cha nyuma, mshukiwa wa kwanza ni mpira wa pampu. Kwa Honda Fit pua itakuleta mbele, kwa sababu tenki lake liko chini ya viti vya mbele. Ikija gari linapokaa juani mchana kutwa na kunuka nje zaidi kuliko ndani, fikiria kopo na mipira yake. Ikitokea upande wa boneti dakika chache baada ya kuzima, tazama mipira ya vali ya kunyonyea, na tazama tena nozeli. Ikiwa unaisikia tu unapokwenda na vioo wazi, au inatoka pamoja na moshi mweusi, huenda hakuna kinachovuja: injini inachoma mafuta mengi kupita kiasi, na hiyo ni kesi nyingine.

Halafu jiulize swali ambalo mafundi wengi hulisahau: nani aliligusa mwisho? Mvuke unaovuja mara nyingi huanzia pale mkono wa mtu ulipopita. Mfuniko uliobadilishwa kituoni, pampu iliyotolewa kusafishwa, tenki lililoshushwa kwa sababu ya ajali, mpira uliochomolewa ili kufikia kitu kingine na kurudishwa nusu. Kama harufu ilianza wiki moja baada ya gari kutoka gereji, usianze kukagua mahali ambapo hawakugusa.

Zipo dalili zisizo za pua. Gari linalogoma kuwaka baada ya kujazwa mafuta, likawaka ukikanyaga pedali na kutoa mngurumo mzito, lina vali ya kunyonyea iliyokwama wazi. Mpini wa kujazia unaokatika kila mara kabla tenki halijajaa unasema tundu la kupumulia limeziba. Mpumuo mdogo unapofungua mfuniko ni kawaida. Mvumo mkubwa wa hewa kuingia ndani, tena kila safari, si kawaida.

Kama gari lako lina taa inayokujulisha

Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayana kifaa cha kupima uvujaji wa mvuke. Taa ya injini haitawaka hata mfuniko ukiwa haupo. Usikubali hoja kwamba kwa vile kompyuta haijaonyesha kosa basi gari ni zima. Kompyuta hiyo haikuwahi kuulizwa.

Magari ya soko la Marekani ni habari nyingine. Unakutana nayo Congo na Rwanda wanakoendesha kulia, Ghuba, na bila shaka kwa ndugu walioko huko Marekani kwenyewe. Hayo hufunga njia zote, huvuta au kusukuma hewa kidogo kwenye tenki, kisha hupima kama mgandamizo unakaa. Namba P0455 ni uvujaji mkubwa: mfuniko, mpira uliochomoka, vali iliyokwama. P0457 inanyoosha kidole kwenye mfuniko moja kwa moja. P0442 ni uvujaji mdogo, wa kiwango cha tundu la milimita 1, na P0456 ni mdogo zaidi, nusu ya hapo. P0441 inahusu mtiririko usio sahihi kwenye vali ya kunyonyea, na P0446 upande wa kupumulia.

Namba hizo hazitaji spea ya kununua. P0446 inaweza kuwa waya uliotafunwa na panya. Na jambo linaloshangaza wengi ni kwamba P0455 ina unafuu kuliko P0456, kwa sababu tundu kubwa huonekana kwa macho, tundu la nusu milimita linaweza kukumaliza siku nzima.

Mfuniko na shingo

Toa mfuniko, pindua, kagua mpira wake. Ukiwa na nyufa, umebonyea upande mmoja au umekakamaa kiasi cha kutobonyea kwa kucha, hauzibi. Futa mdomo wa shingo kwa kitambaa kikavu na upapase kwa kidole; ukihisi mkwaruzo wa kutu au kovu la mpini wa pampu, hata mfuniko mpya utapitisha mvuke hapo. Ukiufunga unapaswa kulia, kwa magari yaliyo na mlio huo, na usiendelee kucheza.

Mifuniko ya kufuli inayouzwa dukani kwa ajili ya wezi wa mafuta huingia kwenye shingo nyingi bila kuziba hata moja vizuri. Tena mfuniko wa asili una vali ndogo ndani yake inayoruhusu hewa kuingia tenki linaponyonywa. Mifuniko mingi ya bei nafuu haina. Na ile mifuko ya plastiki ambayo Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019 bado ina makazi ya kudumu chini ya mifuniko ya tenki. Huziba harufu kwa siku mbili, huiziba pia ile vali, kisha hukatika vipande vinavyokwenda kukaa kwenye chujio la pampu. Nunua mfuniko wa gari lako, hata kama ni wa mtumba, mradi mpira ni mzuri.

Shingo yenyewe ni bomba la chuma katika magari mengi, na kwa wakazi wa Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam, hewa ya chumvi huila polepole. Subaru Forester ni mfano mzuri. Shingo yake hupita nyuma ya tairi la nyuma la kulia, ikifunikwa na ngao ya plastiki inayokusanya tope na kulitunza likiwa na unyevu. Ngao inabaki mpya, bomba nyuma yake linaoza. Toa tairi, toa ngao, piga brashi ya nailoni na utazame kwa tochi. Kutu ya juu juu si tatizo. Kutu inayobanduka kwa magamba imekwisha kutoboa au itatoboa. Kagua pia mipira miwili inayounganisha bomba na tenki, ule mnene na ule mwembamba wa kupumulia. Ikunje kidogo kwa vidole: nyufa hujificha hadi mpira upinde.

Mpira wa pampu

Kama ningelazimishwa kubashiri bila kuliona gari, ningesema hapa. Toyota nyingi ndogo zina kifuniko cha bati chini ya kiti cha nyuma ili fundi aifikie pampu bila kushusha tenki. Ni urahisi mzuri, na ndio unaofanya pampu zitolewe mara nyingi kusafishwa kila petroli ikiwa chafu. Juu ya pampu kuna mpira wa duara unaoziba kati yake na tenki. Mpira huo ukitoka hufura kwa sababu umekunywa petroli miaka mingi, na haurudi kwenye mfereji wake. Fundi huusukuma kwa bisibisi, unapinda mahali fulani, kiti kinarudishwa, na harufu inaanza tenki likijaa.

Kuupima ni rahisi. Jaza tenki zaidi ya nusu, acha gari juani kwa saa mbili, toa kiti na kile kifuniko cha bati huku milango yote ikiwa wazi. Pua peke yake inaweza kutosha. Kama haitoshi, paka maji yenye sabuni ya kuoshea vyombo kuzunguka duara lote, kwenye maungio ya mapaipu na penye plagi ya umeme. Joto limekwisha kusukuma mvuke, kwa hiyo mapovu yatajitokeza yenyewe bila kupuliza chochote.

Ukilazimika kufungua, fanya hivyo tenki likiwa na robo au chini yake. Futa mchanga wote kwanza, maana ukianguka ndani utaumaliza uhai wa pampu. Kama pampu inashikiliwa na pete ya kuzungusha, usiigonge kwa patasi ya chuma na nyundo. Tumia kipande cha shaba au mti mgumu. Weka mpira mpya wa kipimo hicho hicho, ukiupaka petroli kidogo tu ili uteleze. Wala usiruhusu silikoni ya gasketi, nyekundu au nyeusi. Silikoni ya kawaida hufura na kubanduka ikikaa na petroli, na siku moja utaikuta kwenye chujio. Plastiki ya juu ya pampu ikiwa na ufa, hakuna gundi ya kuaminika hapo. Badilisha.

Vali iliyo mbele

Vali ya kunyonyea ni kidude cheusi chenye mipira miwili na plagi ya nyaya mbili, mara nyingi kimeshikiliwa karibu na manifoldi. Washa injini ya baridi, chomoa mpira unaotoka nyuma upande wa tenki, weka kidole kwenye mdomo wa vali. Injini ikiwa baridi na haijakanyagwa, hupaswi kuhisi mvuto. Ukihisi, imekwama wazi. Ukitaka uhakika, itoe, jaribu kupuliza: isipitishe. Ipe umeme wa volti 12 kwa sekunde moja, mbali na mvuke wowote: ilie tiki na ipitishe. Kwenye mita ya umeme, magari mengi huonyesha omu 20 hadi 35. Kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho.

Ukikuta chembe nyeusi ndani ya vali au ndani ya mpira, acha kusafisha na ufikiri. Ule ni mkaa. Kopo limepasuka ndani na linatapika kuelekea injini. Vali mpya peke yake itakwama tena baada ya muda mfupi. Badilisha kopo, puliza mapaipu yote yakiwa yamechomolewa pande zote mbili, ndipo uweke vali.

Kopo, vumbi na buibui

Adui mkubwa wa kopo la mkaa ni mtu mwema aliyeshika mpini wa pampu. Mpini umekatika, tenki limejaa, lakini mashine inasoma elfu arobaini na nane na ushee. “Bosi, niweke ifike hamsini?” Hiyo nafasi tupu ya juu imeachwa makusudi ili mvuke ukae, ukiijaza, petroli yenyewe inapanda kwenye mpira wa mvuke na kulowesha mkaa uliotengenezwa kushika mvuke tu. Toa kopo, linyanyue, litikise. Likiwa zito isivyo kawaida au likimwaga petroli, limeharibika kwa kazi yake. Kulianika juani kutapunguza harufu siku chache na kuujaza uwanja mvuke.

Tundu la kupumulia nalo huziba kwa vumbi la barabara za changarawe na kwa wadudu. Si utani: mwaka 2011 Mazda iliita magari aina ya Mazda6 yapatayo elfu 52 nchini Marekani kwa sababu buibui wa njano walikuwa wakifuma utando kwenye mpira wa kupumulia. Hewa ikikosa njia ya kuingia, injini huendelea kunyonya, na tenki linaweza kupasuka. Kwetu nyigu wa udongo wanaweza kufanya kazi hiyo hiyo. Fuata mpira wa kupumulia kutoka kwenye kopo hadi mwisho wake, safisha chujio kama lipo, na upulize kwa mdomo ukiwa umeuchomoa kwenye kopo.

Moshi

Ukikagua yote hayo na hujapata kitu, ni wakati wa kupeleka gari penye mashine ya moshi. Mashine hutoa moshi wa mafuta mepesi na kuusukuma kwenye mpira wa mvuke kwa mgandamizo mdogo sana, chini ya bar 0.04. Moshi unapaswa kutokea kwanza kwenye tundu la kupumulia, ishara kwamba njia iko wazi. Kisha tundu hilo huzibwa, na watu wawili huzunguka na tochi wakitafuta uzi mweupe. Hakikisha kizibo hicho kimetolewa kabla hujaondoka.

Hapa usimamie mwenyewe. Kompresa ya kujazia matairi haina kazi kwenye mfumo huu. Mgandamizo wa tairi la kawaida, bar 2.2, ni zaidi ya mara 50 ya unaohitajika, na utapasua kopo au kung’oa mipira iliyokuwa mizima. Lipo pia jambo lisilojulikana sana. Mvuke ndani ya tenki lililofungwa kwa kawaida ni mzito mno kuweza kuwaka, umezidi ile asilimia 7.6. Ukiingiza hewa unaupunguza uzito na kuuleta pale pale panapowaka. Ndiyo maana mashine nzuri husukuma moshi kwa nitrojeni. Vituo kadhaa vya matairi mijini huwa na nitrojeni. Fundi mwenye mashine ya kujitengenezea kwa kopo la rangi na waya wa moto unaosukumwa na hewa ya kawaida, mwachie gari lake mwenyewe.

Kuziba

Mipira ya mvuke hubadilishwa kwa mpira wa petroli wenye maandishi ya SAE J30R7 au R9 ubavuni, wa kipenyo kile kile cha ndani. Mpira wa maji, wa gesi ya kupikia, au ule mwororo unaong’aa huonekana kufaa siku ya kwanza, kisha petroli huukausha ukakatika. Ukigoma kuingia, uchovye kwenye maji ya moto. Kiberiti kikae mfukoni mwa mvuta sigara, naye akae ng’ambo ya barabara. Paipu gumu la nailoni lililopasuka mbali na maungio linaweza kukatwa penye ufa na kuunganishwa kwa kipande cha mpira huo na klipu mbili. Likipasuka kwenye ungio lenyewe, tafuta paipu zima.

Kopo na shingo za mtumba zipo Kirinyaga Road jijini Nairobi, Kariakoo upande wa Gerezani, na Kisekka kwa walioko Kampala. Kopo ulikague palepale: puliza upande mmoja, upumuo utoke kwa urahisi upande mwingine, pasitoke hata chembe nyeusi. Kopo la gari jingine linaloelekea kufanana linaweza kuwa na midomo iliyopangwa tofauti, kwa hiyo nenda na la zamani mkononi.

Usikubali tenki au shingo ichomelewe ikiwa bado kwenye gari. Tenki tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kilichobaki ndani ni mvuke na hewa, na kulisuuza kwa maji mara moja hakumalizi mvuke uliojificha kwenye kutu na pembe. Usikubali pia lile suluhisho la haraka la kutupa kopo na kuziba mipira kwa misumari. Tenki lisilopumua hubonyea ndani au kuisumbua pampu. Likiachwa wazi bila kopo, umerudi kwenye gari la kabla ya 1970, ukilipia petroli inayopaa.

Baada ya kazi

Gari lenye taa, futa namba kwa mashine kisha liendeshe kwa siku kadhaa likiwa na mafuta kati ya robo na robo tatu. Tenki likiwa karibu tupu au limejaa kompyuta nyingi hazipimi, na huanza kupima injini ikiwa imelala na kupoa. Walioko majimbo ya Marekani yenye ukaguzi wa moshi wasifute namba asubuhi ya ukaguzi: mashine itaona kwamba kompyuta haijamaliza vipimo na gari litarudishwa.

Gari lisilo na taa litapimwa na pua ile ile. Jaza tenki hadi mkato wa kwanza, lilaze vioo vikiwa vimefungwa, na umwombe mtu ambaye hajawa karibu na petroli siku hiyo afungue mlango asubuhi. Pua ya aliyefanya kazi imekwisha kuzoea. Harufu hafifu ikibaki, usikimbilie kununua spea nyingine. Sponji ya kiti na zulia hushika petroli kwa siku nyingi. Vitoe vyote viwili, vianike kivulini penye upepo siku nzima, na uache gari lilale bila hivyo. Likinuka tena zulia likiwa nje, rudi kwenye mpira wa pampu.